Mwajiri naye achunguzwe kabla ya mkataba kusainiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo ambalo washauri wa masuala ya ajira hulipita haraka mno. Mtafuta kazi hufundishwa namna ya kuandika wasifu wake, namna ya kuvaa siku ya usaili na namna ya kujibu anapoulizwa udhaifu wake ni upi, nami sina ugomvi na mafundisho hayo. Ninachouliza ni nani humfundisha kumchunguza huyo anayemwita. Mwajiri hudai vyeti halisi, huwapigia simu wadhamini watatu, na siku hizi hupekua hata yale mtu aliyoyaandika mitandaoni akiwa bado mwanafunzi. Mwombaji akishapokea barua ya ajira, jicho lake huenda moja kwa moja kwenye mstari wa mshahara, akashukuru, akasaini. Upande mmoja umefanya upelelezi wa wiki tatu, na upande wa pili haukufanya hata wa nusu saa, ingawa ndio utakaohama nyumba, utakaoacha kazi ya zamani na utakaokesha ukihesabu siku iwapo mshahara hautaingia.

Naandika hivi kwa sababu nami nilisaini kwa namna hiyohiyo. Nilikuwa nimekaa miezi saba bila kazi. Kampuni ambayo sitaitaja jina ilinifanyia usaili siku ya Jumanne, na Alhamisi nikapokea barua iliyotaka jibu kabla ya saa kumi jioni ya siku iliyofuata. Mshahara ulizidi ule niliouomba mwenyewe, na badala ya kujiuliza kwa nini mtu aongeze bei ambayo hakuna aliyeibishania, nikaona riziki yangu imefika. Siku ya kwanza kazini nilivuta droo ya meza niweke kalamu, nikakuta vikasha vitatu vya kadi za biashara. Cheo kwenye kadi zote kilikuwa kimoja, kilekile nilichopewa mimi. Majina yalikuwa matatu. Katika kikasha cha juu kadi zilikuwa bado zimefungwa kwa ukanda wa karatasi kama zilivyotoka kwa mchapaji, maana mwenye jina hakukaa muda wa kutosha kuzigawa.

Mwezi wa nne mshahara ulichelewa siku kumi na tisa. Mwezi wa sita tulilipwa nusu, tukaambiwa nusu ya pili ingekuja mteja mkubwa akilipa. Nilipoondoka baada ya miezi kumi na mmoja nilikwenda kuangalia michango yangu ya hifadhi ya jamii, ambayo kila mwezi ilikatwa na kuonyeshwa vizuri kabisa kwenye hati ya mshahara, nikakuta iliyowasilishwa ni ya miezi miwili tu. Ndipo nilipomtafuta mmoja wa wale watatu wa kwenye droo. Haikuwa kazi ngumu, kwani jina lake lilikuwa limekaa mbele yangu karibu mwaka mzima. Alipokea simu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ndugu yangu, yote hayo ningekueleza siku ile ulipopata barua. Nilikuwa tayari kusema. Hakuna aliyeniuliza."

Maneno hayo sijayasahau, nayo ndiyo kiini cha barua hii. Anayemjua mwajiri kuliko wote ni mfanyakazi aliyeondoka, na ndiye ambaye waombaji wengi hatumtafuti. Tunasoma tovuti ya kampuni, ambayo imeandikwa na kampuni. Tunamuuliza ofisa rasilimali watu, ambaye kazi yake siku hiyo ni kujaza nafasi. Tukijitahidi sana tunamuuliza rafiki aliyeajiriwa hapo, naye ana sababu zake za kupima maneno, kwa kuwa bado anakula kwenye sahani hiyo. Aliyeondoka amefunguka ulimi. Ni kweli kwamba anaweza kuwa na kinyongo, na kwa hiyo mmoja hatoshi. Watafutwe wawili au watatu, walioondoka kwa nyakati tofauti na kutoka idara tofauti. Mhasibu aliyeacha kazi miaka miwili iliyopita na dereva aliyeacha mwezi uliopita wakisimulia jambo lilelile bila kujuana, kinyongo hakitoshi kulieleza. Kuwapata siku hizi ni rahisi, kwa kuwa watu wengi huorodhesha kazi zao za zamani kwenye mitandao ya kitaaluma kama LinkedIn, na ujumbe mfupi wa heshima, wenye kueleza kwamba umepewa barua ya ajira na unaomba dakika kumi tu, mara nyingi hujibiwa.

Swali lenyewe lina namna yake. Ukimuuliza mtu kama kampuni ni nzuri, atakupa maoni, na maoni yake hayatakusaidia kulipa kodi ya nyumba. Muulize mshahara uliingia tarehe ngapi katika miezi mitatu ya mwisho ya kazi yake. Muulize mafao yake ya kuondoka yalilipwa baada ya muda gani, likizo ilikuwa ikiombwa au ikibembelezwa, na ni watu wangapi wamekalia kiti unachopewa ndani ya miaka mitatu. Muulize pia mkuu wa idara anapogundua kosa hufanya nini mbele ya wengine. Mambo hayo ni matukio. Yalitokea au hayakutokea, na mtu huyakumbuka hata baada ya hasira kupoa. Nami nawaomba walioondoka sehemu mbalimbali za kazi wasikatae simu za namna hii. Semeni mlichokiona kwa macho yenu na mliache la kusikia, ili msimwonee mtu wala msijitie katika kesi ya kashfa, lakini msinyamaze.

Baada ya watu huja karatasi. Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba kampuni ipo. Nchi nyingi zina ofisi ya msajili wa makampuni, na kwa ada ndogo, au bure kama ilivyo katika daftari la Companies House la Uingereza, mtu anaweza kuona kampuni ilisajiliwa lini, wakurugenzi wake ni nani, kama inawasilisha taarifa zake za kila mwaka kwa wakati, na kama mali zake zimewekwa rehani. Kampuni inayojitangaza kuwa na uzoefu wa miaka ishirini huku daftari likionyesha kwamba ilizaliwa mwaka jana inadaiwa maelezo. Kadhalika wakurugenzi waliojiuzulu wakifuatana ndani ya miezi michache.

Kwa kampuni ambazo hisa zao zinauzwa sokoni, taarifa za fedha zilizokaguliwa huchapishwa, na asiye mhasibu anaweza kuzisoma kwa faida akijua pa kuangalia. Aanze na ripoti ya mkaguzi wa nje. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 570 kinamtaka mkaguzi, pale anapoona shaka kubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli zake, aiandike shaka hiyo wazi, na pale ambapo kampuni yenyewe imeieleza ipasavyo katika hesabu zake, mkaguzi huitengea sehemu yenye kichwa chake. Sehemu hiyo ikiwapo, msomaji ameonywa kwa lugha ya upole ya wahasibu. Kisha aangalie mtiririko wa fedha taslimu, kwa sababu kampuni inaweza kuandika faida kwenye vitabu huku benki hakuna kitu, na mshahara hulipwa kwa fedha iliyoko benki.

Carillion ya Uingereza ni mfano wa jinsi onyo linavyoweza kukaa hadharani. Ilikuwa kampuni kubwa ya ujenzi na huduma, yenye wafanyakazi wapatao 43,000 duniani. Tarehe 10 Julai 2017 ilitangaza kwamba inafuta pauni milioni 845 katika thamani ya mikataba yake na kwamba mkurugenzi mtendaji mkuu anaachia nafasi yake. Maonyo mengine kuhusu faida yakafuata Septemba na Novemba, na tarehe 15 Januari 2018 ikaingia katika ufilisi. Yeyote aliyekuwa akifikiria kuhamia huko katika ile miezi sita hakuhitaji kunong'onezwa siri na mtu wa ndani. Habari ilikuwa katika tangazo la kampuni yenyewe.

Lazima nikiri, hata hivyo, kwamba karatasi peke yake hudanganya, na ndiyo maana nimetanguliza watu. Wirecard ya Ujerumani iliingia mwaka 2018 katika orodha ya kampuni 30 za DAX, kipimo cha hisa za kampuni kubwa za nchi hiyo, hesabu zake zikiwa zimepitishwa na wakaguzi mwaka baada ya mwaka, mpaka Juni 2020 ilipokiri kwamba euro bilioni 1.9 zilizokuwa vitabuni yaelekea hazikuwahi kuwapo, na siku chache baadaye ikaomba kufilisiwa. Lakini gazeti la Financial Times lilikuwa limeanza kuandika mashaka yake kuhusu kampuni hiyo tangu mwaka 2015. Ndugu Mhariri, magazeti kama lako ni hazina kwa mtafuta kazi. Jina la kampuni likitafutwa pamoja na maneno "mgomo", "mishahara" na "mahakama", dakika ishirini zinaweza kufukua mengi ambayo usaili wa saa mbili usingeyagusa, na mahali ambapo hukumu za migogoro ya kazi huwekwa wazi, jina hilohilo litafutwe humo pia.

Maoni ya wafanyakazi yanayowekwa kwenye tovuti za ajira yana manufaa, ila yasomwe kwa tahadhari. Mimi huyaruka yale yenye sifa tupu na yale yenye matusi matupu, nikatafuta jambo dogo linalorudiwa na watu tofauti katika miezi tofauti. Watu watano wakisema kwamba saa za ziada haziandikwi, hilo lina uzito. Sifa kumi zilizoandikwa ndani ya wiki moja, kwa maneno yanayofanana, nazo zina la kusema.

Naja sasa kwa waajiri wadogo, ambao ndio huajiri watu wengi na ambao hawachapishi hesabu zao popote. Kwa hao, fika ofisini mapema siku ya usaili na uangalie. Keti pale mapokezi usikilize simu zinavyojibiwa. Mahali ambapo wadai wanapiga kila baada ya robo saa, mpokea simu huwa na sauti ya kujihami ambayo haifichiki. Ulizia wanaowauzia bidhaa kama wanalipwa kwa wakati, kwa sababu anayechelewesha malipo ya wauzaji wake mara nyingi yuko njiani kuchelewesha ya wafanyakazi. Halafu uliza ndani ya chumba cha usaili, kwa adabu na bila kuzungukazunguka: nafasi hii ilikuwa ya nani, na yeye yuko wapi sasa? Mishahara huingia tarehe ngapi, na mara ya mwisho kuchelewa ilikuwa lini? Mwajiri safi hujibu maswali hayo kwa sentensi mbili na hata huheshimu aliyeyauliza. Jibu la "hayo utayajua ukishaanza" ni jibu tosha.

Nimewasikia wengi wakisema kwamba mwenye njaa hachagui, na kwamba kuuliza maswali ni kujitafutia kunyang'anywa tonge mdomoni. Sibezi hofu hiyo. Nimeishi nayo miezi saba, na ndiyo iliyonisainisha. Lakini nadhani tunachanganya mambo mawili. Kuchunguza si lazima kuishie katika kukataa. Mtu anaweza kujua kwamba kampuni hii huchelewesha mishahara na bado akaikubali kazi kwa sababu hana nyingine, ila ataikubali akiwa macho: hatahamisha familia katika mwezi wa kwanza, hatachukua mkopo kwa kutegemea hati ya mshahara ambayo haijathibitika, atafuatilia michango yake ya hifadhi ya jamii kila robo mwaka badala ya kungoja siku ya kuondoka, na ataendelea kutafuta kwingine bila kujiona msaliti. Mimi ningejua, pengine ningesaini vilevile. Nisingeacha lakini chumba nilichokuwa nimepanga kwa bei nafuu, wala nisingemwahidi mdogo wangu ada ya mihula miwili.

Na kipindi kati ya barua ya ajira na saini ni kifupi, lakini ndicho ambacho mwombaji ana nguvu kuliko wakati wowote mwingine. Kabla ya barua yeye ni mmoja kati ya wengi. Baada ya saini ni mfanyakazi wa majaribio. Katika siku hizo chache kampuni imekwishamchagua, imekwishawaambia wengine wasubiri, na haipendi kuanza upya. Hapo ndipo pa kuomba siku tatu za kutafakari, pa kuomba rasimu ya mkataba wote badala ya barua ya ukurasa mmoja, na pa kutaka ahadi za mdomo ziandikwe. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unazungumzia katika kifungu cha 14 mfanyakazi kuelezwa masharti ya mshahara wake kabla hajaanza kazi, na kwa namna anayoielewa. Anayeomba maelezo hayo, kwa hiyo, haombi fadhila. Mkataba huohuo unawaweka wafanyakazi katika kundi la wadai wenye upendeleo mwajiri anapofilisika, jambo jema, ingawa kutangulia kwenye foleni hakusaidii kitu ikiwa dirishani hakuna fedha. Na kazi ya zamani isiachwe mpaka mkataba mpya uwe na saini za pande zote mbili.

Kuna sura moja ya jambo hili inayonitia uchungu kuliko zote, nayo ni ya ajira za mbali zinazotangazwa kwa ujumbe wa simu. Mwezi Agosti 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti iliyonukuu makadirio ya kuaminika kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 nchini Kambodia huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengi wa watu wa namna hii walivutwa na matangazo ya kazi za kawaida, na miongoni mwao wapo wenye shahada na wanaozungumza lugha kadhaa. Kwa hiyo tusidhani kwamba anayenaswa ni asiyesoma tu. Anayenaswa ni yule ambaye tangazo lilimkuta wakati anaihitaji kazi, na usaili ukafanywa kwa dakika kumi bila kumwona mtu uso kwa uso, tiketi ikatumwa kabla ya mkataba, na safari ikafanywa kwa viza ya utalii badala ya kibali cha kazi. Kila kimojawapo cha hivyo kingetosha kumsimamisha mtu. Namba ya simu ya kampuni itafutwe na mwombaji mwenyewe na isichukuliwe kwenye tangazo, kisha apige aulize kama nafasi hiyo ipo na kama aliyemwandikia anafahamika. Na akidaiwa fedha ili apate kazi, iwe kwa jina la usajili, vipimo vya afya au mafunzo, asitoe. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema katika kifungu cha 7 kwamba wakala binafsi wa ajira hatamtoza mfanyakazi ada, na ingawa mkataba huo unaruhusu mamlaka kutoa misamaha michache, kanuni yenyewe iko wazi.

Ndugu Mhariri, nina ombi kwako pia. Gazeti lako huchapisha matangazo ya nafasi za kazi, na wasomaji huyaamini kwa kiasi fulani kwa sababu yametoka humo. Nakuomba umtake kila anayetangaza aandike namba ya usajili wa kampuni yake, mahali ofisi ilipo, na kama nafasi hiyo ni mpya au kuna aliyeiacha. Ni mistari mitatu, haitakula nafasi kubwa ya karatasi. Atakayekataa kuiandika atakuwa amewapa wasomaji wako taarifa, na anayeiandika atakuwa amempa mwombaji pa kuanzia asubuhi ileile anapolikunjua gazeti.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi